Chomoa Waya Kwanza: Kupima Draiva za Mtandao kwenye Mashine Yenye Vyumba

Hotuba iliyotolewa Mbeya mbele ya wanafunzi wa kompyuta na mafundi wa mitandao wa Nyanda za Juu Kusini

Walimu wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, habari za kazi. Wadogo zangu wanafunzi, hamjambo. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wa Rungwe na Kyela, ndaga. Najua wengine mmepanda basi alfajiri na baridi hii ya Juni, kwa hiyo sitawazungusha.

Nimeombwa nizungumzie kontena, yaani vyumba vilivyotengwa ndani ya mashine moja, kila kimoja kikiendesha programu zake. Nimekubali, ila nitaingilia mlango ambao wengi hawaupiti: draiva ya kadi ya mtandao, ile programu ya mfumo endeshi inayoiendesha kadi hiyo. Kila mtu siku hizi anaweza kuwasha kontena kwa mstari mmoja wa amri. Wachache wanajiuliza ni nani anayezibeba pakiti (vipande vya data) za kontena hiyo hadi kwenye waya, na huyo mbebaji alipimwa na nani.

Ninachotaka kusema ni hiki. Draiva ya mtandao inayofanya kazi vizuri kwenye mashine ya kawaida bado haijapimwa. Itapimwa pale kadi yake itakapohamishwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine ndani ya mashine hiyohiyo, pakiti zikiwa njiani, na pale chumba kitakapofungwa kadi ikiwa bado imo. Kazi hiyo inawezekana hapa Mbeya, kwa kompyuta moja ya mtumba na waya usiozidi urefu wa mkono. Tena naamini sisi wa huku tuna sababu ya kuifanya kuliko watu wengi.

Kuna njia mbili za kuigawa kompyuta moja ionekane nyingi. Ya kwanza ni mashine pepe. Kila moja ina keneli yake, yaani kiini chake cha mfumo endeshi, na ndani yake huioni kadi ya kweli. Unaona kadi ya kuigiza, kama virtio. Ukipima mtandao humo, umepima draiva ya kadi ya kuigiza. Ile ya kweli iliyochomekwa kwenye ubao hujaigusa, labda uikabidhi mashine pepe moja kwa moja, na hilo linataka ubao wenye IOMMU (saketi inayozuia kifaa kugusa kumbukumbu isiyo yake) ambayo kwenye kompyuta nyingi za bei nafuu haipo au imezimwa.

Njia ya pili ndiyo yetu leo, ndiyo ya kontena. Keneli ni moja tu, lakini inawaonyesha watumiaji wake vyumba tofauti. Kila chumba kina michakato yake, mafaili yake, na kwa habari inayotuhusu kina mtandao wake kamili: kadi zake, anwani zake za IP, jedwali lake la njia, kanuni zake za ulinzi. Ni kama nyumba ya wapangaji yenye mita moja ya LUKU: kila mpangaji ana ufunguo wake na pazia lake, lakini anayeunguza nyaya chumba cha uani anawatia gizani wote. Draiva inakaa upande wa mita. Ndiyo maana kasoro yake haibaki kwa kontena moja.

Historia nitaipitia haraka. Amri ya chroot ilizaliwa mwaka 1979 kwenye Unix, nayo ilitenganisha mafaili tu. Machi 2000, FreeBSD 4.0, mfumo endeshi wa ukoo wa Unix, ilitoka na jela, yaani vyumba vyake, kazi ya Poul-Henning Kamp. Solaris 10 ikaleta zoni mwaka 2005. Kwenye Linux vyumba vya mtandao, vile vinavyoitwa nemspesi, vilianza kuingia na toleo 2.6.24 la Januari 2008, pamoja na veth, ile jozi ya kadi za kuigiza ambapo kinachoingia huku kinatokea kule. Docker, programu ya kuendesha kontena, ilipokuja mwaka 2013 ilikuta misingi imeshachimbwa.

Hapa kwenye FreeBSD naomba tusimame kidogo, maana pana fundisho. Jela za mwanzo hazikuwa na mtandao wao. Zilipewa anwani ya IP na kutumia mtandao wa mashine mama. Marko Zec akaanza kazi ya kuipa kila jela mtandao kamili, kazi iliyoitwa VIMAGE. Iliingia FreeBSD 8.0 mwaka 2009 kama jambo la majaribio. Ikawashwa kwenye keneli ya kawaida katika toleo 12.0, Desemba 2018. Miaka tisa kati ya kuingia na kuaminiwa! Wajuzi wale hawakuwa wavivu. Tatizo lilikuwa kwamba maelfu ya mistari ya programu, ndani ya mtandao wa keneli na ndani ya draiva, iliandikwa na watu walioamini kuwa mashine moja ina mtandao mmoja. Imani hiyo haikuandikwa popote, kwa hiyo haikuweza kutafutwa na kufutwa. Ilibidi ikamatwe mahali pamoja pamoja, mashine ikianguka.

Tazama inavyotokea. Draiva haiitwi na mtumiaji tu. Inaamshwa na kadi yenyewe pakiti inapofika, au inaamshwa na saa ya keneli. Wakati huo hakuna mtumiaji aliyeita, kwa hiyo hakuna chumba kinachojulikana. Draiva ikigusa kitu cha chumba bila kuuliza kwanza kadi yangu iko chumba gani, FreeBSD inakuta kielekezi cha chumba ni kitupu na mashine nzima inaanguka papo hapo. Kwenye Linux ndugu wa kosa hilo ni draiva inayodhani kila kitu kimo ndani ya chumba cha kwanza, init_net, badala ya kuuliza dev_net. Hiyo haianguki. Inafanya kazi salama salimini mpaka kadi ihamishwe, kisha inaanza kuyapeleka mambo ya chumba hiki kwenye chumba kile. Kwangu mimi hili la pili ni baya zaidi. Mashine iliyoanguka imesema ina tatizo.

Sasa tuje mezani.

Chukua kompyuta yenye kadi ya matundu mawili, au kadi mbili. Unganisha tundu la kwanza na la pili kwa waya mfupi. Lipe la kwanza anwani 10.0.0.1, la pili 10.0.0.2. Piga ping, ile amri ya kuuliza kama upande wa pili upo. Inajibu, tena upesi mno. Sasa chomoa waya. Ping inaendelea kujibu.

Kijana akiliona hili mara ya kwanza anashika kichwa. Sababu yake ni nyepesi. Keneli inajua anwani zote mbili ni zake, haioni haja ya kuituma pakiti nje kisha iipokee tena, basi inaipitisha kwenye lo, njia yake ya ndani kwa ndani. Draiva haikuitwa hata mara moja. Nimeziona ripoti za vipimo zenye grafu za kupendeza zilizotengenezwa kwa mpango huu, draiva ikiwa imelala muda wote.

Dawa ni chumba. Mimi hukiita kyela, wewe kiite upendavyo:

ip netns add kyela
ip link set eth1 netns kyela
ip netns exec kyela ip addr add 10.0.0.2/24 dev eth1
ip netns exec kyela ip link set eth1 up

Rudisha waya, piga ping tena kutoka nje. Keneli ni ileile, lakini chumba cha kwanza hakiijui tena 10.0.0.2 kama anwani yake. Pakiti haina budi kuingia kwenye draiva, kushuka kwenye waya, na kupanda kwa kadi ya pili. Chomoa waya: ping inakata. Hapo ndipo kipimo kinapoanza. Wadogo zangu, ifanyeni iwe desturi. Kabla ya kupima kasi, kabla ya kupima chochote, chomoa waya kwanza uone kama kuna kinachokatika.

Shahidi wa pili ni namba. Kadi ya gigabiti 1 yenye MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya baiti 1500 haiwezi kukupa zaidi ya megabiti 941 hivi za TCP kwa sekunde. Pakiti inayobeba baiti 1448 za data inachukua nafasi ya baiti 1538 kwenye waya, ukijumlisha vichwa vya TCP na IP, kichwa cha Ethernet na hesabu yake ya uhakiki, alama za kuanzia, na pengo kati ya pakiti na pakiti. Gawanya 1448 kwa 1538, unapata asilimia 94 na kidogo. Kwa hiyo iperf3, programu ya kupima kasi, ikikuambia gigabiti 20 kwa kadi ya gigabiti 1, usishangilie: hukupita kwenye waya. Na ikikuambia megabiti 600, usiridhike kwa sababu intaneti ya ofisi ni ndogo kuliko hapo. Soma ethtool -S, yaani hesabu za kadi, pande zote mbili, ulinganishe zilizotoka huku na zilizoingia kule, na kama kuna zilizodondoka ujue zimedondokea wapi.

Mpaka hapa tumeutumia ugawaji wa vyumba kama kifaa cha kupimia. Sasa tuugeuze uwe ndio mtihani wenyewe.

Kadi inapohamishwa, keneli inaizima, inawatangazia wote waliokuwa wakiitumia kwamba imeondoka, inafuta anwani zake za IP na njia zake, kisha inaisajili chumba kipya ikiwa bado imezimwa. Anwani ya MAC inabaki, MTU inabaki. Kwa draiva hii ni kazi nzima ya kufunga na kufungua: iachie foleni za pakiti, isimamishe saa zake, iinyamazishe kadi, halafu irudishe vyote upya. Katika maisha ya kawaida seva inawashwa na kadi inawaka pamoja nayo, haizimwi miezi na miezi. Ile njia ya kufunga ndani ya draiva ni njia isiyokanyagwa, na nyasi zake ndizo zinazoficha mashimo.

Basi ikanyage. Ipeleke kadi kyela, iwashe, irushie iperf3, irudishe trafiki ikiwa bado inapita, ipeleke tena. Andika hati fupi ya shell iendelee hivyo usiku kucha. Na kabla hujaenda kulala, hakikisha keneli ya majaribio imejengwa na walinzi wake: KASAN anayemkamata mtu anayegusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa, lockdep anayekamata kufuli zinazoshikwa kwa mpangilio wa hatari, kmemleak anayetafuta kumbukumbu zilizosahaulika. Kwa FreeBSD washa INVARIANTS na WITNESS. Mashine itakuwa nzito. Iache iwe nzito, hatupimi kasi usiku huo.

Kufunga chumba ni kugumu kuliko kuhama. Ukikifuta chumba cha Linux kadi ya kweli ikiwa ndani, keneli inairudisha chumba cha kwanza. Zile za kuigiza kama veth zinafutwa. Lakini ikiwa jina eth1 limeshachukuliwa huko inakorudi, kadi itafika na jina jipya, dev7 kwa mfano, kutokana na namba yake ya usajili. Hati zako zilizoizoea eth1 zitaikosa, na kuna fundi atakayeapa kwamba kadi imeungua.

Halafu ip netns del inafuta jina tu. Chumba chenyewe kinaendelea kuishi mpaka mchakato wa mwisho uliomo utoke. Umeisahau iperf3 inayosubiri humo, umefuta jina, na kadi haionekani huku wala huko. Kabla hujaenda Mwanjelwa kutafuta kadi nyingine, andika lsns -t net. Itakuonyesha chumba kisicho na jina na mchakato unaokishikilia.

Na upo ujumbe ambao aliyeendesha kontena nyingi kwa muda mrefu huenda ameuona. Unaanza na unregister_netdevice, unasema keneli inasubiri lo iachiliwe, kwamba kuna mmoja bado ameishika. Unajirudia kila sekunde 10. Maana yake kuna sehemu ya keneli ilishika kadi ya chumba kile ikasahau kuiachia, na sasa chumba hakifungiki. Anayewasha kontena nyingine anasubiri bila mwisho, mpaka mashine izimwe na kuwashwa. Miaka mingi kumtafuta mshikaji kulikuwa kubahatisha, kwa sababu keneli ilihesabu wangapi wameshika bila kuandika ni nani. Keneli 5.17 ya mwaka 2022 ilileta njia ya kumfuatilia kila mshikaji, alishikia wapi na kuachia wapi. Unapopima draiva, iwashe. Draiva ikivujisha mshiko mmoja kila inapohama, usiku mmoja wa ile hati yako utauona mchezo wote.

Sasa niwapeleke Mbozi. Ofisi moja inayopokea kahawa ya wakulima ilikuwa na seva ya zamani yenye kontena mbili, moja ya mizani na moja ya malipo. Radi ikaipiga kadi ya kwenye ubao. Wakanunua kiunganishi cha Ethernet cha USB, wakachomeka, kikatambulika palepale. Ping inajibu, kurasa zinafunguka. Lakini orodha ya malipo ilipotumwa makao makuu ilikwama katikati. Ikatumwa tena, ikakwama palepale. Orodha ya siku iliyofuata ikapita bila shida. Lawama zote zikaangukia kontena ya malipo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ngeni machoni pa watu. Na wakulima wakingoja fedha zao.

Kiunganishi kile kilipowekwa mezani, upande mmoja ndani ya chumba na upande wa pili nje, zikapigwa ping za kila ukubwa, kuanzia ndogo kabisa mpaka 1472, ambayo ukiongeza vichwa inafika 1500 kamili. Moja moja, bila kuruka hata baiti moja. Zilipita zote isipokuwa chache, na hizo chache zilipishana kwa hatua sawa. USB 2.0 kwa kasi yake ya juu hubeba data kwa mafungu ya baiti 512. Mzigo ukiangukia kwenye mafungu kamili bila salio, anayepokea hawezi kujua kwamba umekwisha mpaka apewe fungu tupu la kumwambia basi. Draiva au kifaa kisipokubaliana juu ya fungu hilo tupu, pakiti ya ukubwa huo inapotea, ikirudiwa inapotea tena, kwa sababu ukubwa wake ni uleule. Kontena haikuhusika kabisa.

Ping ya kawaida ina baiti 56. Haitakuonyesha hili hata ukiiacha mwaka mzima. Piga kila ukubwa. Kisha ongeza lebo ya VLAN (alama ya kuugawa mtandao), baiti nne zaidi, upige tena. Kompyuta haichoki.

Lipo jambo jingine linalonitia hofu kuliko pakiti kupotea, nalo ni pakiti kuharibika na kupokelewa. Mwaka 2016 ilitangazwa kasoro ya veth iliyofukuliwa na wahandisi waliokuwa wakifuatilia data mbovu kwenye mifumo ya Twitter. Swichi moja mbovu ilikuwa ikiharibu pakiti. Hesabu ya uhakiki ya Ethernet haikusaidia, maana swichi ikishaharibu ndani yake inaweza kuandika hesabu mpya iliyo sahihi kwa pakiti mbovu. Kinga iliyobaki ni hesabu ya uhakiki ya TCP, inayosafiri na data kutoka mwanzo hadi mwisho. Kadi ya kweli iliiona hesabu hailingani, ikaipitisha pakiti kwa keneli bila muhuri wa kuithibitisha, ikimaanisha: hakiki mwenyewe. Mpaka hapo kila kitu ni sawa. Keneli ikaielekeza pakiti kwenye kontena kupitia veth. Na veth, iliyoandikwa kwa imani kwamba kinachoipitia kimetoka ndani ya mashine hiyohiyo, ikaipiga muhuri: imeshahakikiwa. Kontena ikaipokea takataka kama data halali.

Angalieni ubaya wake. Programu ileile ikiendeshwa nje ya kontena, keneli ingeikataa pakiti. Ndani ya kontena, inakubalika. Draiva ya kadi ilikuwa sahihi peke yake. Veth ilionekana sahihi peke yake. Kosa liliishi katika mkutano wao, na mkutano huo unapatikana tu kwenye mashine yenye vyumba. Marekebisho yalikuwa ya mistari michache. Yakaingizwa hata kwenye matoleo ya nyuma. Lakini fikirini ni data kiasi gani ilipita kabla ya hapo bila mtu kujua.

Kipimo chake mnaweza kukifanya leo mchana. Mnahitaji vyumba viwili pamoja na chumba cha kwanza. Kadi moja iweke chumba cha mtumaji. Kadi ya pili ibaki mashine mama. Kutoka hapo, veth iingie chumba cha mpokeaji, na njia zielekezwe hivyo. Upande wa mtumaji andika:

tc qdisc add dev eth1 root netem corrupt 1%

Netem itageuza biti moja ndani ya baadhi ya pakiti baada ya hesabu ya TCP kuandikwa, na kadi itaweka hesabu halali ya Ethernet juu ya uharibifu huo, yaani swichi mbovu tumeitengeneza wenyewe. Tuma faili kubwa, kisha linganisha sha256sum pande zote mbili. Hesabu ya TCP haikosi kukamata biti moja iliyogeuka, kwa hiyo faili lazima lifike zima, ila kwa kuchelewa kwa sababu pakiti mbovu zinatupwa na kutumwa upya. Likifika limebadilika, umepata kitu kikubwa. Rudia huku ukizima na kuwasha kwa ethtool -K zile kazi ambazo kadi inafanya kwa niaba ya keneli: uhakiki wa kupokea, uhakiki wa kutuma, ukataji wa mizigo mikubwa. Kila mchanganyiko ni draiva nyingine kwa namna yake. Na msitishike tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti, ikisema hesabu si sahihi kwa pakiti inayotoka kwenye mashine yenyewe. Hapo mara nyingi kadi haijaijaza bado.

Mengine nitayagusa tu. Wi-Fi kwenye Linux haihami kwa ip link. Unaihamisha redio nzima kwa iw phy. Usipokuwa na redio kuna mac80211_hwsim ya kuigiza, na kwa Ethernet isiyo na kifaa kuna netdevsim, iliyoingia na keneli 4.16 mwaka 2018. Zinafaa sana kujifunzia na kupima namna keneli inavyozungumza na draiva, ila kifaa chenyewe hazikipimi. Kwenye FreeBSD unaanza hivi:

jail -c name=kyela vnet persist
ifconfig igb1 vnet kyela

Humo tcpdump na dhclient (inayoomba anwani ya IP) zikigoma, tazama kanuni za devfs, zinazoamua vifaa gani vionekane ndani ya jela, kabla ya kuilaumu draiva, kwa sababu jela kwa kawaida imefichwa kifaa cha bpf, ambacho programu hizo hukisomea pakiti. Jela ikifungwa, kadi inarudi ilikotoka. Na vipimo vya mfumo wenyewe vimo ndani ya /usr/tests, vinaendeshwa kwa kyua, vingi vya mtandao vikitumia jela na kadi za epair, ndugu wa veth. Visomeni. Ni shule ya bure.

Umeme wetu mnaujua. Ofisi nyingi huku seva ina UPS na swichi haina. Umeme ukicheza, seva inabaki hai huku kadi yake ikiona waya umekufa, umefufuka, umekufa. Weka swichi ndogo katikati ya vyumba vyako viwili, izime na kuiwasha kwenye soketi trafiki ikipita, tena zima wakati uleule unapoihamisha kadi. Draiva nyingi zinajua kuzima kwa amri na zinajua kupotea kwa waya. Yakija mawili kwa pamoja ndipo utajua kama mwandishi aliwaza.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Watengenezaji wakubwa wana maabara, nao wanapima kadi zao mpya kwenye vyumba vyenye ubaridi wa kupimwa na umeme usiokatika. Kadi zilizoko Mbozi, Mbarali, Makete, Ludewa, si hizo. Ni Realtek za kwenye ubao, ni viunganishi vya USB visivyo na jina, ni Intel za matundu mawili zilizong'olewa kwenye seva za watu wengine miaka kumi iliyopita. Mkongo wa Taifa unapita hapa kwenda Tunduma na Kasumulu, kwa hiyo data ya mkulima inaweza kusafiri kwa mwanga mpaka mlangoni pa ofisi, na mita ya mwisho ikabebwa na draiva ambayo hakuna aliyewahi kuihamisha chumba. Asipoipima mtu wa huku, sioni nani mwingine ataipima.

Tahadhari za kazi. Msipimie kwenye seva ya ofisi, kamwe. Draiva ikianguka inaanguka na keneli, na keneli ni ya vyumba vyote. Tumieni mashine isiyo na data ya mtu. Wekeni waya wa serial kwenda kompyuta ya pili ili maneno ya mwisho ya keneli yasipotee, au washeni kdump, inayohifadhi kumbukumbu ya keneli ikianguka. Netconsole, inayotuma maneno hayo kwa mtandao, msiitegemee kupitia kadi mnayoipima. Ikifa, inakufa na ushahidi wake. Mkikosa vyote, picha ya skrini kwa simu, mradi isomeke mstari kwa mstari.

Na mkipata kasoro, iandikeni. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kasoro ya draiva iliyofichwa Mbeya itamkuta mtu wa Songea. Taja toleo la keneli, matokeo ya lspci -nn au pciconf -lv, matokeo ya ethtool -i, dmesg (ujumbe wa keneli) nzima bila kuikata, na hati yako fupi inayoileta kasoro kila inapoendeshwa. Hati hiyo ina uzito kuliko maelezo yote. Vyumba vinakusaidia hapa pia, kwa sababu mtunzaji wa draiva aliye Ujerumani au Japani hahitaji kuijenga upya ofisi yako ya Mbozi: anahitaji kadi ya aina hiyo, waya mfupi, na mistari yako kumi. Msiogope lugha. Kiingereza cha kuungaunga chenye hati inayofanya kazi kinajibiwa. Kwenye Linux, scripts/get_maintainer.pl itakuambia nani anaitunza draiva hiyo.

Jumamosi maabara itakuwa wazi kuanzia asubuhi. Mwenye kadi iliyowekwa kabatini kwa kuwa siku nyingine inashika na siku nyingine haishiki, aje nayo, pamoja na waya wake.